Namna ya Kubishania Ilani ya Chama Barazani Bila Kususiana

Kila uchaguzi unapokaribia Zanzibar, ilani za vyama hutajwa zaidi kuliko zinavyosomwa. Mtu huapa barazani kwamba ilani ya chama chake imemaliza kila kitu, mwenziwe naye akaapa kwamba karatasi ile inafaa kufungia karanga tu, na ukiwauliza wote wawili jambo wanalobishania limo ukurasa gani, hakuna anayejua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mabaraza, familia, vikundi vya kuweka na kukopa na marafiki wanaokaa pamoja ilhali vyama vyao ni tofauti, na wanaotaka kuijadili ilani ya chama fulani, iwe ya CCM, ya ACT-Wazalendo au ya chama kingine, kwa namna itakayoubakisha ubishi juu ya kilichoandikwa. Haukusudii kuwafanya watu wakubaliane, na kwa kweli baraza ambalo wote wanakubaliana lina faida ndogo kwa mtu anayetaka kuijua ilani.

Ni vyema kukumbuka kwanza kwa nini jambo hili huwa zito kwetu. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo huo kurudishwa mwaka 1992, Dkt. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF (Chama cha Wananchi), na mwaka 2010 Dkt. Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Pale ambapo nchi imegawika karibu nusu kwa nusu, kila neno barazani huonekana kana kwamba lina kura ndani yake. Baada ya 1995, na hasa kisiwani Pemba, watu walisusiana hata katika maziko na harusi, wakagomeana maduka, na wapo waliotengana misikiti. Maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif, yaliyofuatiwa na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yalipunguza mengi ya hayo, lakini hayakuyafuta. Kwa hiyo mtu anayekujibu kwa ukali kuhusu aya ya karafuu huenda anajibu na mambo mengine yasiyokuwemo katika aya hiyo, na kazi ya wanaoendesha mjadala ni kuyatenga mambo hayo ili kila moja lipate nafasi yake.

Anzeni na ilani yenyewe

Tafuteni ilani nzima. Kipeperushi cha kampeni, kipande cha video cha mgombea akihutubia viwanja vya Kibandamaiti au Tibirinzi, na picha ya ukurasa mmoja iliyosambazwa kwenye simu havitoshi, kwa sababu mgombea akiwa jukwaani huongeza ahadi ambazo chama chake hakikuziandika, na mara nyingine huziacha zile zilizoandikwa. Kazi ya kuitafuta apewe mwanachama wa chama hicho aliyemo barazani, kupitia ofisi ya tawi au ya jimbo, maana yeye ataipata kwa urahisi kuliko mpinzani, na akiileta kwa mkono wake hatoweza tena kusema kwamba maneno yaliyomo yametungwa na mahasimu. Chapisheni nakala moja, na kama aya zake hazina nambari, zipeni kwa kalamu. Kuanzia hapo, anayetaka kusema lolote kuhusu ilani ataje nambari ya aya kwanza, na asiyekuwa na nambari asubiri zamu nyengine.

Kabla ya kusoma, wakumbusheni waliopo kwamba mpiga kura wa Zanzibar hupiga kura tano: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ya Mbunge, ya Rais wa Zanzibar, ya Mwakilishi na ya Diwani. Kura hizo husimamiwa na tume mbili na huzaa serikali mbili zenye mamlaka tofauti, kwa hiyo ilani inaweza kuwa na sura ya Muungano na sura ya Zanzibar, au chama kikaandika vitabu viwili mbali mbali. Ubishi mwingi ninaousikia huzaliwa hapa hapa: mmoja anasoma ahadi iliyomo katika sura ya Muungano, mwengine anaijibu kwa rekodi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na saa nzima inapita watu wakizungumzia serikali mbili tofauti bila kujijua.

Aya isomwe kwa sauti na mtu asiyekuwa wa chama hicho. Akimaliza, aieleze kwa maneno yake mwenyewe mpaka mwanachama wa chama chenye ilani akiri kwamba ndivyo inavyosema. Hapo tena ndipo ukosoaji uanze. Utaratibu huu unachosha mwanzoni, na wapo watakaosema kwamba wamekuja kunywa kahawa na hawakuja darasani, lakini ndio unaozuia mtu kupoteza jioni nzima akipinga ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Pambanueni ahadi na matamanio

Sentensi za ilani hazifanani. Ipo sentensi inayosifu yaliyopita, nayo haina la kujadili isipokuwa ukweli wake. Ipo inayotaja mwelekeo tu, kwa mfano kwamba chama "kitaendelea kuhimiza" au "kitaweka mazingira wezeshi", na hiyo haimfungi mtu yeyote kwa lolote, kwa kuwa hata serikali iliyolala usingizi miaka mitano inaweza kudai kwamba ilikuwa inahimiza. Ipo inayoeleza msimamo wa chama juu ya jambo kubwa kama muundo wa Muungano, ambayo nitaizungumzia baadaye. Na ipo ahadi hasa, inayosema nani atafanya nini, kwa kiasi gani, na ifikapo lini.

Mfano mzuri wa ahadi inayopimika ni pensheni jamii. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwalipa wazee waliofikia umri wa miaka 70 fedha za kila mwezi bila ya kuuliza iwapo waliwahi kuajiriwa, na kiwango kilichoanza kwa shilingi 20,000 baadaye kilipandishwa kufikia 50,000. Chama kinapoandika kwamba kitaongeza pensheni hiyo, kuna maswali manne ya kuiuliza aya: itaongezwa kutoka ngapi hadi ngapi, umri wa miaka 70 utabaki au utashushwa, wataongezeka wazee wangapi ukishushwa, na malipo yataanza bajeti ya mwaka gani. Mtu wa chama chenye ilani akijibu mawili na kukiri kwamba mawili hayamo, mjadala umeshafika mbali, maana sasa wote wanajua hasa kilichoahidiwa na ambacho hakikuahidiwa. Jambo hilo halimpotezei mtu heshima, na asichekwe kwa kukiri. Na mpinzani naye aulizwe: ilani ya chama chako inasema nini juu ya jambo hili hili, na katika aya ya ngapi?

Ulizeni nani mwenye mamlaka

Swali hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo lenye faida kubwa zaidi. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ina orodha ya Mambo ya Muungano, ambayo yalikuwa 11 mwaka 1964 na sasa ni 22. Jambo lililomo katika orodha hiyo haliwezi kubadilishwa na Rais wa Zanzibar wala na Baraza la Wawakilishi peke yao, hata wakipata kura zote za visiwa hivi.

Tuchukue kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na viwango vyake hupangwa na Bunge. Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa upande wa Zanzibar ina sheria yake ya Zanzibar tangu 1998. Kwa hiyo mgombea wa urais wa Zanzibar akiahidi kuipunguza ya pili, aulizwe pengo la mapato atalizibaje. Akiahidi kuipunguza ya kwanza, aulizwe kwa mlango gani ataingia bungeni. Ni hivyo hivyo katika ajira za vikosi. Polisi ni wa Muungano, ilhali KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto na Mafunzo (magereza) ni vya Zanzibar, na ahadi ya nafasi kwa vijana wa Micheweni au Makunduchi ina uzito tofauti kulingana na kikosi kilichotajwa.

Hata hivyo msiitumie orodha kama rungu la kumnyamazishia mtu, kwa sababu mipaka yake husogea. Mafuta na gesi asilia yaliingizwa katika Mambo ya Muungano mwaka 1968, yakabishaniwa kwa miaka mingi hadi Baraza la Wawakilishi likataka yatolewe, na mwisho sheria ya petroli ya Muungano ya mwaka 2015 ikaiachia Zanzibar isimamie rasilimali hizo kwa upande wake, nayo Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka 2016. Elimu ya juu imo katika orodha, lakini Zanzibar ina Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na ina bodi yake ya mikopo ya wanafunzi. Bandari zimo pia, na Zanzibar ina Shirika lake la Bandari. Kwa hiyo ahadi inayogusa jambo la Muungano isitupwe papo hapo, bali aliyeileta aulizwe njia: ni kwa kubadilisha Katiba, kwa sheria ya Bunge, au kwa makubaliano ya serikali mbili? Chama kilichoandika njia hiyo ndani ya ilani yake kinastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko kilichoandika matokeo peke yake.

Kuhusu fedha sitarefusha. Mwaka wa fedha huanza Julai, na bajeti husomwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, kabla ya hapo. Ahadi yoyote ambayo haijawahi kuonekana katika hotuba ya bajeti hata mara moja ndani ya miaka mitano, hiyo ilibaki karatasini, na wala haihitaji mjadala mrefu.

Mfano wa aya moja: karafuu

Ili kuonyesha namna mambo haya yanavyokwenda pamoja, tuchukue aya ambayo haikosi kuzua joto Pemba, ile inayohusu karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na kwa miaka mingi Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, limekuwa ndiye mnunuzi pekee anayetambuliwa na sheria. Anayepeleka karafuu zake Mombasa kwa ngalawa usiku huitwa mfanya magendo, hata kama mikarafuu ni yake na ya babu yake. Tuseme ilani ya chama kimoja inaahidi kwamba mkulima ataruhusiwa kumuuzia amtakaye, na ilani ya chama chengine inaahidi kulibakisha shirika na kuimarisha bei.

Barazani mazungumzo huanza hivi. Kijana anasema, "Ami, karafuu ni yangu, nimeipalilia mimi, nimewalipa wachumaji mimi, kwa nini nipangiwe wa kumuuzia?" Mzee anamjibu, "Mwanangu, mwaka bei ya dunia itakapoanguka, huyo tajiri wako wa Mombasa utamuona hapa Wete?" Wote wawili wamesema jambo la maana, na hapo hapo pana hatari ya mzee kuambiwa amenunuliwa, na kijana kuambiwa ametumwa. Msimamizi wa mjadala ayachukue maneno yao mawili na kuyageuza kuwa maswali kwa aya.

Kwa ilani ya soko huria: nani atatoa mikopo ya kuchumia, kazi ambayo shirika limekuwa likiifanya kabla ya msimu? Je, kutakuwa na bei ya chini iliyowekwa kisheria, au bei itaachiwa soko? Miche inayogaiwa bure itaendelea kugaiwa na nani, ikiwa mapato yanayoilipia yatapungua? Kiwanda cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kilichopo Wawi kitabaki na mali ghafi ya kutosha? Kwa ilani ya kulibakisha shirika: mkulima atapata sehemu gani ya bei ya dunia, na nani anayempa hesabu hiyo aione? Katika utawala wa Dkt. Shein ilitangazwa sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei hiyo, na kilo ya daraja la kwanza ilikaa miaka kadhaa kwenye shilingi 14,000. Je, ilani mpya inaitaja asilimia hiyo, imeipunguza, au imenyamaza? Kunyamaza nako kuandikwe, kwa kuwa chama kinachoacha nambari kiliyoitumia jana mara nyingi kina sababu.

Mtaona kwamba maswali haya hayajibiwi kwa kupaza sauti. Mengine yatajibiwa na mkulima aliyekaa kimya pembeni, aliyeuza msimu uliopita na anayejua alikatwa kiasi gani kwa unyevu na kwa makonyo yaliyobaki ndani ya gunia. Mpeni nafasi mtu huyo kabla ya wenye vyama. Ushahidi wa mtu aliyesimama kwenye foleni ya kituo cha ununuzi na jamvi lake lililonyeshewa na mvua ya vuli una nguvu kuliko hotuba tatu. Na msishangae ikiwa mwisho wake mzee atataka shirika libaki lakini hesabu ziwekwe wazi, na kijana atataka soko lifunguliwe lakini bei ya chini iwepo, kisha wote wawili wagundue kwamba matakwa yao hayamo katika ilani yoyote kati ya hizo mbili. Hilo nalo ni tokeo halali la kusoma.

Kwa aya ya mwani utaratibu ni huo huo, isipokuwa jambo moja. Wanaolima mwani wengi wao ni wanawake, na baraza la wanaume wanaocheza dhumna halina la kusema kuhusu kamba, vigingi na bei ya kilo mpaka wakulima wenyewe waulizwe. Kama haiwezekani kukaa pamoja, aya ipelekwe kwenye kikundi chao isomwe huko, na maswali yao yaletwe yakiwa yameandikwa.

Madai ya utekelezaji

Chama kilichomo madarakani hakileti ahadi tu, huleta pia taarifa ya utekelezaji wa ilani iliyopita, na mawaziri wake hulitaja neno hilo katika kila hotuba Barazani Chukwani. Hapa pande zote mbili huwa na tabia mbaya. Mfuasi wa serikali hulihesabu jiwe la msingi kuwa ni skuli iliyokamilika, na mpinzani huikataa skuli iliyokamilika na yenye wanafunzi ndani kwa sababu tu rangi ya bendera ya aliyeijenga haimpendezi. Dawa yake ni kugawa madai katika hali nne kwa lugha nyepesi: limetangazwa, limeanza, limekamilika, linafanya kazi. Hospitali yenye jengo na isiyo na daktari imekamilika lakini haifanyi kazi, na ni haki kusema yote mawili kwa pamoja. Penye shaka juu ya mradi wa karibu, watumwe watu wawili wa vyama tofauti waende pamoja wakauone kwa macho yao. Wakirudi na habari moja, hapatakuwa na wa kubisha.

Kwa takwimu za watu, tumieni Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kati yao 543,441 Pemba. Anayedai kwamba kisiwa kimoja kimepewa zaidi ya haki yake aanze kugawa kwa nambari hizo kabla ya kulalamika, ingawa idadi ya watu peke yake haisemi kisiwa kipi kilikuwa nyuma tangu mwanzo.

Lipo pia suala la Serikali ya Umoja wa Kitaifa, linalowakanganya hata wajuzi. Katika mfumo huu mawaziri hutoka katika zaidi ya chama kimoja. Juma Duni Haji wa CUF alikuwa Waziri wa Afya baada ya uchaguzi wa 2010, chini ya Rais wa CCM. Je, mafanikio au makosa ya wizara kama hiyo yaandikwe kwa ilani ya nani? Rai yangu ni kwamba ahadi ni ya chama kilichoiandika na kushinda kiti cha Rais, ilhali uendeshaji wa kila siku una sehemu ya waziri, na anayetaka kusifu au kulaumu aseme kimoja kati ya viwili hivyo. Kujigamba kwa mazuri kuwa ni yetu na kuyatupa mabaya upande wa pili, huku mkikaa serikali moja, hakukubaliki barazani.

Mambo ambayo nambari hazitayamaliza

Muundo wa Muungano ndio mfano mkubwa. CCM imeshikilia serikali mbili. Upinzani wa Zanzibar, kwanza ndani ya CUF na sasa ndani ya ACT-Wazalendo, umedai Zanzibar yenye mamlaka kamili. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya Desemba 2013 ilipendekeza serikali tatu, Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili mnamo Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 ikaahirishwa. Aya ya ilani inayohusu jambo hili ni msimamo, na msimamo haupimwi kwa bei ya kilo. Mnachoweza kuuliza ni vitu viwili: chama kinasema kitafanya nini hasa ndani ya miaka mitano kuufikia au kuulinda msimamo huo, na nini kitabadilika katika maisha ya mtu wa Kojani au wa Nungwi kikifanikiwa. Mkishapata majibu, ondokeni hapo. Kuendelea kubishana baada ya hayo ni kutaka mwenzako abadilishe imani yake mbele za watu, na hakuna Mzanzibari atakayekukubalia.

Machungu ya zamani nayo yataingia tu. Mtu atataja Mapinduzi ya Januari 1964 au mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, mwengine atataja kufutwa kwa matokeo ya uchaguzi tarehe 28 Oktoba 2015. Usimwambie mtu asahau, hasa kama ni katika waliokimbilia Shimoni, Kenya, mwaka 2001 au aliyepoteza jamaa katika mwaka wowote kati ya hiyo. Mwambie kwa upole, "Ami, hilo tulipe jioni yake, leo tumo katika aya ya 14," kisha mtimizieni ahadi hiyo kweli. Baraza linaloahirisha daima machungu ya upande mmoja watu wa upande huo huacha kuja, na mnabaki mkisoma ilani ya chama kimoja mbele ya wafuasi wake peke yao.

Adabu za mjadala

Hizi ni chache na zinajulikana, ila hazifuatwi msimu wa kampeni. Majina ya kukejeliana yaliyozoeleka baina ya vyama yasitumike, hata kwa mzaha, maana mzaha wa Agosti huwa ugomvi wa Oktoba. Mkubwa aheshimiwe kwa salamu na kwa nafasi ya kukaa, lakini umri wake usiwe hoja. Sheha, askari na mtumishi wa serikali wanaokaa barazani wasishurutishwe kuchagua upande. Msikiti uachwe nje. Hakuna anayeulizwa atampigia nani, kwa kuwa kura ni siri na kwa kuwa jibu lolote atakalotoa litamfunga katika mjadala unaofuata. Na panapotokea msiba katika nyumba ya mmoja wenu, hata kama jana yake mlitupiana maneno makali, mjadala husimama na wote mnakwenda, wa kuchimba na wa kubeba.

Ukiipinga ilani ya chama chako

Pana watu ambao shida yao kubwa haiko kwa wapinzani, iko kwa ilani ya chama chao wenyewe, na hao hupata taabu zaidi, kwa kuwa wenzao wa chama huwaona wasaliti na wapinzani huwaona mateka. Ikiwa ilani bado haijapitishwa, andika pingamizi lako kwa aya na ulipeleke tawini ukiwa na pendekezo la maneno mbadala, kwa sababu malalamiko matupu hayaingii katika muhtasari wa kikao. Ikishapitishwa, sema barazani bila kujificha: "Mimi ni wa chama hiki, aya ya 22 siikubali, na sababu zangu ni hizi." Mwakilishi anayetokana na chama chako ndiye wa kumfuata baada ya uchaguzi juu ya aya hiyo, na ana sababu ya kukusikiliza kuliko anavyomsikiliza mpinzani. Wenzako wa baraza kutoka vyama vyengine wasiichukue kauli yako wakaipeleka jukwaani. Atakayefanya hivyo aondolewe katika mijadala msimu mzima.

Daftari

Mwisho, wekeni daftari moja. Kila aya iliyojadiliwa iandikiwe nambari yake, maneno yake yenyewe kama yalivyo, maswali yaliyokosa jibu, na tarehe ambayo jambo hilo linaweza kuangaliwa tena, ambayo kwa ahadi nyingi ni hotuba ya bajeti inayofuata. Majina ya waliosema msiyaandike. Daftari likae kwa mtu ambaye pande zote zinamwamini, na katika mabaraza mengi mtu huyo yupo tayari: ni yule yule anayeweka fedha za kahawa. Bajeti ikisomwa, anzeni na kurasa zenye maswali yaliyobaki wazi, mkianza na ilani ya chama kilichoshinda, kisha ya kilichoshindwa, kwani nacho kina wawakilishi Chukwani wanaolipwa kuuliza.